Sindano za testosteroni: linganisha kwa siku, usilinganishe kwa namba ya boksi

Weka mezani boksi la Sustanon lililoandikwa 250, na kando yake la Nebido lililoandikwa 1000. Jicho litakuambia la pili lina nguvu mara nne. Halina. Ukigawa kila dozi kwa idadi ya siku ambazo imekusudiwa kudumu mwilini, Nebido ndiyo inayompa mtu testosteroni kidogo zaidi kwa siku. Makosa mengi ya tiba hii yanaanzia kwenye namba hiyo ya boksi: mtu anabadilishiwa dawa kwa kufuata miligramu, au anaiga dozi ya rafiki anayetumia aina nyingine, na wiki chache baadaye damu imekuwa nzito au uchovu umerudi palepale.

Mwongozo huu unamhusu hasa mwanamume ambaye imethibitishwa kwamba mwili wake hautengenezi testosteroni ya kutosha. Huenda korodani zimeondolewa, au ziliharibiwa na matubwitubwi aliyougua baada ya balehe. Huenda amezaliwa na kromosomu X ya ziada, au tezi ya pituitari chini ya ubongo ina uvimbe. Kuthibitisha ni kupima damu mara mbili, siku mbili tofauti, asubuhi kabla ya kula, kisha kupima LH na FSH, homoni ambazo pituitari hutumia kuziamrisha korodani, ili ijulikane kama tatizo liko kwenye korodani au kwenye pituitari. Uchovu na hamu kupungua peke yake havitoshi. Unene, kisukari, kukatika pumzi usingizini na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu za jamii ya afyuni huleta dalili hizohizo, na kwa wengi homoni hupanda yenyewe chanzo kikitibiwa.

Jambo moja litangulie mengine yote. Kama bado unataka mtoto, usianze. Testosteroni inayotoka nje huiambia pituitari kwamba kazi imekwisha. Pituitari inaacha kuzichochea korodani, nazo zinaacha kutengeneza mbegu. Shirika la Afya Duniani liliwahi kujaribu sindano ya testosteroni enantheti miligramu 200 kila wiki kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kwamba wengi wao mbegu zilitoweka kabisa. Kwa hiyo mwanamume anayekwenda hospitali kwa sababu mke hashiki mimba, akarudi na sindano ya testosteroni, amepewa kinyume cha alichokifuata. Zipo dawa nyingine, kama hCG na klomifeni, zinazoweza kupandisha homoni huku mbegu zikiendelea kutengenezwa. Omba kupelekwa kwa daktari wa homoni au wa mfumo wa mkojo kabla ya dozi ya kwanza. Ukiacha sindano mbegu kwa kawaida hurudi, lakini huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Na kinyume chake usiitegemee kuzuia mimba, kwa sababu si kila mtu mbegu zake huisha.

Mkia wa mafuta

Testosteroni tupu ikidungwa haikai. Kwa hiyo watengenezaji huiunganisha na mkia wa asidi ya mafuta, na muungano huo huitwa esta. Esta huyeyushwa ndani ya mafuta ya mimea, na mafuta hayo yakidungwa msulini hukaa kama ghala dogo. Mkia ukiwa mrefu, esta hupenda zaidi kubaki ndani ya mafuta na hutoka polepole. Ikifika kwenye damu, vimeng'enya huukata mkia, na kinachobaki ni testosteroni ileile, iwe ilitoka kwenye boksi la bei ndogo au kubwa. Hakuna esta yenye nguvu kuliko nyingine. Zinachotofautiana ni mwendo wa kutoka ghalani.

Ila mkia una uzito, na uzito huo umehesabiwa kwenye miligramu za lebo. Katika propioneti, testosteroni yenyewe ni takriban asilimia 84 ya uzito, enantheti 72, sipioneti 70, undekanoeti 63. Sasa fanya hesabu ya siku. Enantheti miligramu 100 kila wiki ni 72 za testosteroni, ukigawa kwa 7 unapata 10.3 kwa siku. Enantheti 75 kwa wiki ni 7.7 kwa siku. Sipioneti 200 kila wiki mbili ni 10 kwa siku. Sustanon 250 ina testosteroni halisi miligramu 176. Ukidungwa kila wiki tatu unapata 8.4 kwa siku. Nebido 1000 ina 631.5, kila wiki 12 ni 7.5 kwa siku. Aveed, ambayo ni undekanoeti ya Marekani ya miligramu 750 kila wiki 10, ni 6.8. Mwanamume mzima mwenye afya hutengeneza kati ya 3 na 10 kwa siku, kwa hiyo ratiba zote hizi zinalenga palepale. Ukiambiwa dozi ambayo kwa hesabu hii inatoka 20 au 30 kwa siku, hiyo si tiba ya kurudisha kilichopungua. Ni dozi ya kujenga misuli, na hatari zake ni nyingine.

Kimo cha wimbi

Jumla kwa siku ni nusu tu ya hadithi. Nusu ya pili ni jinsi dawa inavyopanda na kushuka kati ya sindano na sindano.

Enantheti hupungua nusu kwa takriban siku 4.5. Ukisubiri siku 14, kilichobaki ni kama asilimia 12 ya kilele. Ukidungwa kila siku 7, kinachobaki ni 34. Ukiigawa dozi mara mbili kwa wiki, kinabaki 58. Hesabu hii ni ya karatasi, mwili hauifuati kwa usahihi wa saa, lakini inaeleza malalamiko yanayosikika kliniki kila siku: siku tatu za kwanza mtu amejaa nguvu, uso unatoa mafuta na usingizi hauji, kuanzia siku ya 10 amezima, hasira ziko karibu na hamu imekwenda. Wengi hudhani dozi ni ndogo na huomba iongezwe. Kuongeza kunainua kilele zaidi, na bonde linabaki bonde. Dawa yake ni kufupisha muda bila kubadili jumla: badala ya 200 kila wiki mbili, 100 kila wiki. Kama tungeruhusiwa kutoa ushauri mmoja tu kwa anayetumia enantheti au sipioneti, ungekuwa huo.

Sipioneti, kwa mujibu wa lebo yake, hupungua nusu kwa siku 8 hivi, lakini madaktari huitumia kwa ratiba sawa na enantheti na wengi hawaoni tofauti. Tofauti yenye maana ni mafuta. Depo-Testosterone imo ndani ya mafuta ya mbegu za pamba, kwa kawaida miligramu 100 au 200 kwa mililita. Enantheti mara nyingi imo ndani ya mafuta ya ufuta au ya nyonyo, kutegemea kiwanda, na ampuli nyingi ni 250 kwa mililita. Mwenye mzio wa ufuta na asome maelezo ndani ya boksi, asitegemee jina la mbele. Mwongozo wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, wa mwaka 2018 unazitaja zote mbili kwa kipimo kimoja: 75 hadi 100 kila wiki, au 150 hadi 200 kila wiki mbili. Marekani sipioneti ndiyo ya kawaida. Ulaya ni nadra kuikuta. Kwa hiyo anayehamia kutoka London kwenda Minneapolis na ampuli zake za Sustanon ajue mapema kwamba kule dawa hiyo haijaidhinishwa, na abebe barua ya daktari, maana sheria ya Marekani inaiweka testosteroni kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa.

Propioneti ina mkia mfupi. Hudumu siku moja au mbili, hivyo hudungwa mara mbili au tatu kwa wiki, na inajulikana kwa kuuma na kuacha uvimbe. Kwa tiba ya maisha hatuoni sababu ya kuichagua peke yake.

Inaingia, hata hivyo, ndani ya mchanganyiko. Sustanon 250 ni esta nne kwenye mililita moja ya mafuta ya karanga: propioneti 30, fenilpropioneti 60, isokaproeti 60 na dekanoeti 100. Nia ilikuwa nzuri, fupi ianze kazi mara moja na ndefu ishike zamu. Matokeo hayako laini kama inavyosemwa. Maelezo rasmi ya dawa yenyewe yanasema kilele hufika kama nanomoli 70 kwa lita ndani ya saa 24 hadi 48, zaidi ya mara mbili ya ukomo wa juu wa kawaida, kisha hushuka hadi ukomo wa chini kwa siku 21 hivi. Wimbi lake ni kubwa, na hatuipendekezi pale enantheti inapopatikana kwa uhakika. Lakini dawa inayopatikana kila mwezi ni bora kuliko iliyo bora kwenye karatasi na haipo dukani. Kama Sustanon ndiyo uliyonayo, zungumza na daktari kuhusu kufupisha muda. Kikwazo ni ampuli: ikivunjwa hutumika palepale, na nusu iliyobaki hutupwa, haihifadhiwi kwenye bomba hadi wiki ijayo. Mwenye mzio wa karanga au soya asiiguse kabisa.

Undekanoeti ni mlango mwingine. Nebido ni mililita 4 za mafuta ya nyonyo, nzito, zote kwenye tako moja. Sindano ya pili huweza kutolewa baada ya wiki 6 ili kiwango kijengeke, kisha kila wiki 10 hadi 14. Ile hatua ya wiki 6 ikisahaulika, mtu hukaa miezi ya mwanzo akiwa chini na kutangaza kwamba dawa haifanyi kazi. Faida yake ni wimbi la chini na sindano nne au tano kwa mwaka. Kwa mtu wa safari, au anayeishi mbali na kituo, ni unafuu mkubwa. Hasara ni kwamba ukipata madhara huwezi kuirudisha, utakaa nayo kwa wiki nyingi. Kwa sababu hiyo hatupendi ianzwe siku ya kwanza kwa mzee, au kwa mtu ambaye damu yake tayari iko karibu na kuwa nzito. Aanze na enantheti, mwili uonekane unaitikiaje, kisha ahame.

Nayo haidungwi nyumbani. Mafuta mengi yakiingia kwenye mshipa husafiri hadi mapafuni, na ndani ya dakika chache mtu hukohoa mfululizo, koo hubana, kifua huuma, jasho humtoka na anaweza kuzimia. Ni nadra na kwa kawaida huisha, lakini ndiyo sababu Marekani ilipoiruhusu Aveed mwaka 2014 iliweka sharti kwamba mgonjwa abaki kituoni dakika 30 chini ya uangalizi. Nebido idungwe taratibu, kama dakika mbili nzima. Muuguzi akiisukuma kwa sekunde kumi, mwombe apunguze mwendo. Si utovu wa adabu.

Kutoka miligramu kwenda mililita

Gawa dozi kwa nguvu ya dawa. Dozi ya 100 kutoka kwenye ampuli ya 250 kwa mililita ni mililita 0.4. Dozi ya 75 kutoka kichupa cha 200 kwa mililita ni 0.375, na bomba la mililita 1 litakuonyesha hapo vizuri. La mililita 5 halitakuonyesha. Wanaotumia bomba la insulini la alama 100 wawe macho: alama hizo ni sehemu za mililita, hazihusiani na miligramu. Alama ya 40 ni mililita 0.4, ambayo kwa ampuli ya 250 ni miligramu 100, na kwa kichupa cha 200 ni 80. Mtu akikuambia anadunga arobaini hajakuambia dozi. Duka likikubadilishia kutoka 200 kwenda 250 kwa mililita, fanya hesabu upya kabla ya kufungua.

Sindano yenyewe

Enantheti na sipioneti unaweza kufundishwa na muuguzi ukajidunga nyumbani. Rangi ya kitako cha sindano inakuambia unene: waridi ni 18, kijani 21, bluu 23, chungwa 25, namba ikipanda, sindano ni nyembamba zaidi. Vuta dawa kwa ya kijani au ya waridi, maana mafuta ni mazito, kisha badilisha na udunge kwa ya bluu yenye milimita 25 pajani, au ndefu zaidi, milimita 38, takoni kwa mtu mwenye mwili. Chini ya ngozi ya tumbo au paja, kwa dozi ndogo za kila wiki, rangi ya chungwa yenye milimita 16 inatosha. Njia ya chini ya ngozi siyo ubunifu wa mitaani. Marekani iliidhinisha mwaka 2018 kalamu ya enantheti ya namna hiyo, Xyosted, ya 50, 75 au 100 kwa wiki, ikiwa na onyo kali kuhusu shinikizo la damu. Lakini undekanoeti haiendi chini ya ngozi.

Nawa mikono. Soma jina, nguvu na tarehe ya mwisho, kila mara, hata kama boksi ni lilelile. Dawa iwe angavu. Sipioneti iliyokaa kwenye baridi inaweza kufanya chengachenga. Ipashe kwa joto la kiganja au maji ya uvuguvugu na uitikise, zitayeyuka. Vikibaki vipande au ukungu, usitumie. Hata dawa nzuri ishike kiganjani dakika chache, mafuta ya vuguvugu yanapita kwa urahisi na hayaumi sana. Gonga ampuli ili dawa yote ishuke, funga shingo kwa kitambaa safi cha bandeji, vunja kuelekea mbali nawe. Kama ni kichupa, futa mpira kwa spiriti, ingiza hewa kiasi cha dawa utakayovuta, kisha vuta.

Hapa ndipo dozi ndogo hupotea. Ukibadilisha sindano, mafuta yaliyobaki kwenye ile ya kwanza yanakwenda nayo, na ile mpya inahitaji kujazwa. Kwa dozi ya 0.4 upungufu huo si mdogo. Vuta ziada kidogo, badilisha, sukuma hewa hadi tone litokeze kwenye ncha, ndipo usome alama na uifikishe 0.4.

Pajani, gawa umbali kati ya nyonga na goti mara tatu na udunge theluthi ya katikati, upande wa nje. Nyongani ndiko tunakopenda zaidi kwa anayedungwa na mwingine: kwa nyonga ya kushoto anatumia mkono wa kulia, kitako cha kiganja juu ya kichwa cha mfupa wa paja, kidole cha shahada kwenye ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, cha kati kimetanuliwa kwenda nyuma, sindano inaingia kati ya vidole hivyo. Hakuna neva kubwa hapo. Takoni iwe robo ya juu upande wa nje, kwa sababu chini yake na katikati hupita neva ya siatiki, na sindano iliyoigusa inaweza kuacha mguu ukiwa dhaifu kwa muda mrefu. Begani usizidishe mililita moja.

Spiriti ikauke kwanza, ikiwa mbichi ndiyo inayochoma. Ingiza wima kwa mkono mmoja usiositasita, vuta pistoni kidogo. Damu ikionekana, toa na anza upya kwa sindano na dawa mpya. Sukuma polepole, ngoja sekunde kumi, toa, bonyeza bila kusugua. Wiki ijayo hamia upande wa pili. Uvimbe unaouma siku mbili ni wa kawaida. Uvimbe unaoongezeka baada ya siku tatu, wenye joto na homa, ni jipu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na ni wa kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Dawa ikae chini ya nyuzi 30 mbali na jua, si kwenye jokofu. Mwambao, kabati la ndani kabisa ni bora kuliko dirishani. Kichupa cha dozi nyingi kiandikwe tarehe ya kutobolewa na kitupwe baada ya siku 28. Kichupa na bomba havichangiwi na mtu mwingine, hata ndugu. Homa ya ini na VVU hupita kwa njia hiyo.

Damu ipimwe lini, na isomwe vipi

Siku ya kupima ni muhimu kama kipimo chenyewe. Kwa enantheti na sipioneti pima katikati ya sindano mbili: siku ya 3 au 4 kwa anayedunga kila wiki, siku ya 7 kwa wa wiki mbili. Lengo la mwongozo wa 2018 ni nanogramu 350 hadi 600 kwa desilita. Kwa undekanoeti pima siku ya sindano kabla ya kudungwa. Ukipima siku moja baada ya Sustanon utaona namba ya kutisha, na daktari asiyejua siku uliyodungwa atakupunguzia dozi bila sababu. Andika tarehe ya sindano kwenye fomu ya maabara.

Angalia pia vizio. 3 za nanogramu kwa mililita ni sawa na 300 kwa desilita, na sawa na nanomoli 10.4 kwa lita. Maabara mbili za mji mmoja zinaweza kutumia vizio tofauti, na mtu akadhani ameshuka mara mia. Anayemeza biotini kwa ajili ya nywele na kucha amwambie mpimaji na aiache siku chache kabla, kwa sababu katika mashine nyingi hupandisha jibu kwa uongo. Kwa Waislamu, rai iliyoenea ni kwamba sindano ya msuli isiyo ya lishe haifunguzi saumu. Mwenye shaka anaweza kudunga baada ya futari, dawa haijali saa.

Kipimo kinachookoa watu zaidi ni hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu. Sindano huipandisha kuliko jeli, na yenye vilele virefu huipandisha zaidi. Ipimwe kabla ya kuanza, ikiwa imezidi asilimia 48 usianze bila sababu kutafutwa, au 50 kwa wakazi wa nyanda za juu, maana mwinuko peke yake huongeza chembe nyekundu. Mtu wa Nairobi au Eldoret asisomwe kama wa Mombasa. Irudiwe kati ya mwezi wa 3 na wa 6, kisha kila mwaka. Ikivuka 54, sindano zinasimama hadi ishuke, na zinarudi kwa dozi ndogo au muda mfupi zaidi. Kabla ya kulaumu dawa peke yake, uliza kuhusu sigara na kukoroma kunakokatika pumzi.

Tezi dume nayo. Kwa mwanamume Mwafrika hatari ya saratani yake iko juu, hivyo PSA, kipimo cha damu cha tezi hiyo, ipimwe kuanzia miaka 40, kabla ya kuanza na tena ndani ya mwaka wa kwanza. Ikipanda zaidi ya nanogramu 1.4 kwa mililita ndani ya miezi 12, au ikavuka 4, aone daktari wa mfumo wa mkojo. Mwenye saratani ya tezi dume au ya titi, aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo ndani ya miezi sita, au mwenye moyo ulioshindwa kazi na haujadhibitiwa, hatakiwi kuanza. Utafiti mkubwa wa TRAVERSE, uliochapishwa mwaka 2023 kwa wanaume 5,246 wenye hatari ya moyo, haukuona mshtuko wa moyo na kiharusi kuongezeka, lakini uliona zaidi mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na damu kuganda mapafuni. Nao ulitumia jeli, si sindano. Asiutumie mtu kujihakikishia usalama wa dozi kubwa za msuli. Mwenye selimundu aseme mapema, na mtu yeyote ambaye uume utasimama kwa saa nne mfululizo bila yeye kutaka aende hospitali usiku huohuo.

Wanaume wa trans, yaani waliozaliwa na mwili wa kike na wanaoishi kama wanaume, walio chini ya daktari hutumia esta hizihizi. Mwongozo wa Endocrine Society wa mwaka 2017 unataja enantheti au sipioneti 100 hadi 200 kila wiki mbili, au nusu yake kila wiki. Hedhi kukatika si kinga ya mimba, na testosteroni inaweza kudhuru kijusi, kwa hiyo kinga ipangwe kando. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi anayepewa testosteroni kwa ajili ya hamu, sindano si njia yake: kiwango huruka juu mno, na sauti ikishakuwa nzito huenda isirudi.

Kununua

Dawa inayouzwa jimu bila risiti usiinunue hata kama lebo inang'aa. Mafuta yasiyosafishwa huleta majipu, na kilichomo hakijulikani. Nunua kwenye duka la dawa lenye mfamasia, linganisha namba ya toleo kwenye boksi na kwenye ampuli, na ukikuta hazilingani toa taarifa TMDA kwa Tanzania, Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya, au NDA kwa Uganda. Mwanariadha anayeshindana hata ngazi ya kaunti akumbuke kwamba testosteroni imepigwa marufuku wakati wote, ndani na nje ya mashindano. Kibali cha matibabu huombwa kabla ya sindano, nacho hutolewa kwa ugonjwa uliothibitishwa tu.

Ukisahau sindano ya wiki, dunga unapokumbuka na uanze kuhesabu upya kutoka siku hiyo. Usidunge mbili kufidia. Sindano zilizotumika usizifunike tena kwa kifuniko chake, hapo ndipo vidole vingi hujichoma. Zitumbukize kwenye sefti boksi, au chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, na ikifika robo tatu ipeleke kituo cha afya ikachomwe pamoja na za kwao.